Mfereji wetu wa mpunga na tumbo la mtoto wangu



Juma hili nataka tuongee juu ya mifereji. Najua wengine mtasema, mwalimu ametuletea masomo ya shuleni hata huku. Vumilieni kidogo. Habari hii ilianzia kweli shuleni, lakini iliishia nyumbani kwangu.

Nilikuwa nafundisha jiografia katika darasa la sita. Nilichora ubaoni mfereji wa Suez, ule uliochimbwa kule Misri na kufunguliwa mwaka 1869, ili meli zipite kutoka Bahari ya Kati mpaka Bahari ya Shamu bila kuizunguka Afrika nzima. Nikachora na ule wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914. Kisha nikauliza: «Nani amekwisha kuona kwa macho yake mfereji uliochimbwa na watu?» Nilidhani watanyamaza. Mikono yote ikapanda.

Mmoja akasema baba yake alichimba mfereji wa kusafishia mchanga kwenye karieri. Mwingine akasema kwao kuna mfereji unaoingiza maji katika bwawa la samaki. Msichana mmoja akataja kanivo iliyo mbele ya lupango lao. Wa nne akasema: «Mwalimu, hata wewe na mama yangu mlichimba mmoja kule bondeni, wa mpunga.» Darasa likacheka.

Nikauliza swali la pili: «Nani anaoga au anacheza ndani ya mfereji huo?» Mikono ikabaki juu. Hapo mimi sikucheka, maana miezi miwili tu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetoka kituo cha afya na mtoto wangu mwenyewe.

Nchi ya mifereji midogo

Sisi hatuna mfereji mkubwa wa meli. Lualaba yetu ni mto mkubwa, lakini una maporomoko, na kule juu karibu na Kongolo unapita katika bonde jembamba ambalo Wazungu waliliita Milango ya Jehanamu. Wakati wa ukoloni, pale ambapo mashua zilishindwa kupita walijenga reli. Ndiyo sababu tuna reli ya kutoka Kindu mpaka Kongolo, iliyojengwa kati ya mwaka 1906 na 1911.

Lakini mifereji midogo tunayo mingi kuliko tunavyofikiri, na karibu yote imechimbwa kwa jembe na kwa mikono yetu.

Kwanza ni ile ya mpunga. Mpunga uliletwa Maniema katika karne ya 19 na Waarabu na Waswahili waliotoka pwani, wakati Kasongo na Nyangwe ilikuwa miji yao mikubwa ya biashara. Wakulima wengi wanapanda ule wa nchi kavu, unaongoja mvua. Wale wanaolima mabondeni hawana budi kuchimba: mfereji mmoja wa kuingiza maji, na mwingine wa kuyatoa.

Pili ni ile ya mabwawa ya samaki. Bwawa bila mfereji wa kuingiza na wa kutoa ni shimo la matope tu.

Tatu ni ile ya madini. Kasiteriti na dhahabu ni vitu vizito. Mchimbaji analeta maji kwa mfereji unaofuata ubavu wa mlima, anayapitisha juu ya mchanga, mchanga mwepesi unachukuliwa, kizito kinabaki chini. Makampuni ya ukoloni yalifanya hivyo katika Maniema, baadaye SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976 ikaendelea, na leo wachimbaji wa mikono wanafanya hivyo hivyo, mpaka kwetu Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya. Karieri ikiisha, watu wanahama. Mashimo na mifereji vinabaki, maji yanalala ndani, majani yanaota, na watoto wanakuja kuoga.

Nne ni kanivo za mjini, zile zinazopitisha maji ya mvua. Hizo nazo zikijaa takataka, maji yanasimama, na mbu wanazaliana mbele ya milango yetu. Lakini leo nitabaki kwa zile tatu za kwanza.

Yaliyompata mtoto wangu

Chama chetu tulichimba mfereji wa bondeni kwa salongo ya majuma matatu. Kila mama alikuja na jembe lake. Siku maji yalipofika shambani tuliimba. Mavuno ya kwanza yalitusaidia wengi kulipa minervali ya watoto wa sekondari, na nilijivuna sana.

Mpunga ukianza kuzaa, ndege wanakuja. Kama desturi yetu ilivyo, tulituma watoto wakafukuze ndege. Mwanangu wa miaka tisa alikwenda na wenzake likizo nzima. Asubuhi wanapiga kelele na makopo, na jua likiwa kali saa sita wanaingia katika mfereji kuoga. Mimi mwenyewe nilimwambia: «Oga huko huko, ili nisikuchotee maji jioni.» Maneno hayo ninayakumbuka mpaka leo.

Baada ya miezi michache alianza kusema tumbo linauma. Nikafikiri ni minyoo ya kawaida, nikanunua dawa ya minyoo sokoni. Akapata nafuu siku mbili, maumivu yakarudi. Nikanunua tena. Jirani mmoja akanipa majani machungu. Mwingine akaninong'oneza kwamba kuna mtu anayemwonea wivu mtoto. Shuleni alikuwa anasinzia, na mimi mama yake, mwalimu, nilimgombeza kwamba ni mvivu. Siku moja akaniita chooni kwa woga. Kulikuwa na damu katika haja yake.

Kituo cha afya walipima haja yake kwa darubini. Mara ya kwanza hawakuona kitu. Tituleri akaniomba nirudi na haja ya siku nyingine, maana mara nyingi mayai ya mdudu huyu ni machache na yanaweza kukosekana katika kipimo kimoja. Mara ya pili waliyaona. Ilikuwa bilharzia ya tumbo.

Akaniuliza: «Mama, mtoto huyu anaoga wapi?»

Namna ugonjwa unavyopita

Ugonjwa huu ulipewa jina la mganga Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyemgundua mdudu wake huko Cairo mwaka 1851. Huko pwani wanauita kichocho. Upo wa aina mbili kubwa katika Afrika. Mmoja unakaa upande wa kibofu, na dalili yake ni damu katika mkojo. Mwingine unakaa upande wa utumbo na ini. Huo wa utumbo ndio unaojulikana sana katika Maniema. Katika miaka ya 1980 mtafiti Mholanzi, A. M. Polderman, aliandika juu yake katika sehemu za machimbo ya mkoa wetu, akaonyesha kwamba huwezi kuutazama ugonjwa huu mbali na kazi ya madini na maji yake.

Njia yake ni hii, na naomba kila mama aishike, maana ukiijua utaona wapi pa kuikata.

Mtu mwenye ugonjwa anakwenda haja karibu na maji, au mvua inapeleka haja yake majini. Mayai yanapasuka ndani ya maji, na vijidudu vinavyotoka vinatafuta konokono mdogo wa majini. Vikimpata vinaingia ndani yake na kuongezeka kwa majuma kadhaa. Kisha konokono yule anatoa vijidudu vingine, maelfu, vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona. Hivyo ndivyo vinavyoingia mwilini mwa mtu kupitia ngozi, kwa dakika chache tu, hata kama hakunywa maji hayo na hana kidonda. Ndani ya mwili vinakua minyoo inayoweza kuishi miaka mingi na kutaga mayai kila siku. Mayai mengine yanatoka na haja. Mengine yanakwama katika utumbo na ini, na hayo ndiyo yanayoleta maumivu, damu, na baada ya miaka ini gumu na tumbo kubwa.

Kuna jambo moja lililonichoma moyo. Konokono anatoa vijidudu hivyo mchana, na vinazidi jua linapokuwa kali, kuelekea saa sita. Ni saa ile ile ambayo watoto wetu wanaoga.

Na kwa nini mfereji? Kwa sababu konokono hapendi maji yanayokimbia. Anapenda maji ya polepole, yenye majani ya kushikamana nayo na kula. Mfereji uliochimbwa vibaya, ule usio na mteremko na wenye majani kando, ni nyumba tuliyomjengea sisi wenyewe.

Hatuko peke yetu. Huko Sudan, mradi mkubwa wa mashamba ya pamba wa Gezira ulianza kupata maji ya mifereji mwaka 1925. Pamba ilistawi, na bilharzia nayo ikaenea kati ya wale walioishi kando ya mifereji. Maji yalileta mali na ugonjwa kwa njia moja.

Maneno mkutanoni

Nilipoleta habari hii katika mkutano wa chama, sikupigiwa makofi. Mama mmoja mzee, ninayemheshimu sana, alisema: «Mwalimu, maji yanayotembea hayana uchafu. Sisi tulioga humo toka utoto.» Mwingine akasema kwa hasira: «Ukisema mfereji una ugonjwa, wanaume watasema tuufunge. Bonde litarudi kwao. Minervali nitaitoa wapi?»

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka. Mama yule mwenye hasira alisema kweli. Bonde lile ndilo shamba letu pekee ambalo hakuna mtu anayetuuliza fedha yake imekwenda wapi. Na mama mzee naye alikuwa na nusu ya kweli: maji yanayotembea kwa nguvu ni bora kuliko yaliyosimama. Lakini mfereji wetu ulikuwa hautembei. Kwa hatua nyingi maji yalikuwa yamelala, na majani yalifika magotini.

Mama wa tatu, ambaye huwa haongei sana, akauliza: «Choo kiko wapi kule bondeni?» Tukatazamana. Tulikuwa wanawake zaidi ya ishirini, na watoto, kutoka asubuhi mpaka jioni, na hatukuwa tumechimba choo hata kimoja. Tulichimba mfereji wa majuma matatu, lakini shimo la siku mbili lilitushinda.

Hapo mabishano yakaisha. Tukaelewa kwamba konokono peke yake hana ugonjwa. Ni sisi tunaompa.

Tuliyoamua

Tulibaki na mfereji wetu, lakini tukabadilisha desturi. Ninayaandika hapa ili vyama vingine vichague linalowafaa.

*Choo kwanza.* Tulichimba vyoo viwili, mbali na maji na upande ambao mvua haiteremshi uchafu bondeni. Kimoja cha wakubwa, kimoja kidogo cha watoto, chenye tundu dogo ili wasiogope kuanguka. Mtoto akiogopa choo atakwenda majanini.

*Mteremko.* Tulirekebisha sehemu zilizolala. Kipimo chake ni rahisi: funga miti mitatu kama herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati miguu ikiwa sawa. Ukiisimamisha A yako ardhini, kamba itakuonyesha upande unaoshuka. Mfereji wa udongo ushuke polepole, kama sentimita 20 au 30 kwa kila mita 100. Ukishuka sana maji yatakula kingo, usiposhuka maji yatalala.

*Salongo ya majani.* Kila baada ya majuma mawili tunang'oa majani ndani na kando ya mfereji, na kufukia vidimbwi. Tunavaa viatu vya mpira, wale walio navyo, na tunatumia reki yenye mpini mrefu ili tusiingie majini bila sababu. Wachaga wa Kilimanjaro, kule Tanzania, wana mifereji ya zamani wanayoiita mifongo. Mfongo una watu wake na siku zake za kuusafisha, na asiyekuja anatozwa faini. Sisi nasi tumeweka faini: bakuli moja la mchele.

*Kukausha.* Mpunga ukiruhusu, tunafunga maji siku kadhaa ili mfereji ukauke. Si konokono wote watakufa, lakini wanapungua. Mavuno yakiisha hatuachi maji yakae bure.

*Watoto wa ndege.* Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Huwezi kumkataza mtoto kuoga saa sita kisha usimpe kitu. Kwa hiyo mama mmoja kwa zamu anachota maji ya kisima na kuyaleta kwa bidoni, na watoto wanamwagiwa kivulini. Kama hakuna kisima, maji ya mfereji yachotwe, yachujwe kwa kitambaa safi na kuwekwa siku mbili katika chombo chenye kifuniko kabla ya kuogea, kwa sababu vijidudu vile vinakufa visipompata mtu. Lakini kwa kunywa, hayo hayatoshi: maji ya kunywa yachemshwe.

*Mabwawa na karieri.* Wenye mabwawa ya samaki wakate majani ya kando, na kamwe wasilishe samaki kwa haja ya watu. Na kwa dada zetu walio Salamabila na sehemu nyingine za machimbo, wanaosafisha mchanga siku nzima wakiwa majini mpaka kiunoni: najua hamwezi kuacha kazi. Lakini dai la choo karibu na karieri, na la kufukia mashimo yaliyoachwa, mnaweza kulipeleka mbele ya wakubwa wa karieri mkiwa kundi. Mmoja hatasikilizwa.

Juu ya dawa

Dawa inaitwa prazikwanteli. Vidonge vinahesabiwa kwa uzito au kwa urefu wa mtoto, kwa hiyo usinunue sokoni na kukisia kama nilivyofanya mimi na dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo ya kawaida haiui mdudu wa bilharzia. Nilipoteza miezi kwa kutojua hilo.

Wareko au walimu wanapogawa vidonge hivi wakati wa kampeni, usimfiche mtoto. Mpe chakula kabla, hata bugali kidogo na sombe. Wengine wanapata kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu ya tumbo siku hiyo, hasa wenye wadudu wengi. Kwa kawaida hupita haraka. Hali ikizidi, nenda kituo cha afya. Mama mwenye mimba aseme hali yake kabla ya kumeza: Shirika la Afya Ulimwenguni linakubali dawa hii baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na kwa mama anayenyonyesha pia.

Kumbukeni mambo mawili. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga inaweza kuponyoka, kwa hiyo rudi upimwe tena kama mganga atakavyokuambia. Na dawa si ukuta. Mtoto aliyemeza leo akirudi majini kesho anaweza kuambukizwa tena.

Mwanangu alimeza vidonge vyake. Damu imekoma, na tumbo halimuumi tena. Nilimwomba radhi kwa kumwita mvivu. Akaniuliza kama anaweza kurudi kufukuza ndege msimu ujao, kwa sababu wenzake wako kule. Nikamwambia ndiyo, lakini ataoga kwa bidoni.

Yule mama mzee aliyesema maji yanayotembea hayana uchafu, sasa ndiye anayehesabu waliokuja salongo. Juma lililopita nilichelewa, na alinidai bakuli langu la mchele mbele ya wote. Nimelilipa.

Basi wamama, kabla hatujaonana tena juma lijalo, nawaomba kila mmoja afanye jambo moja dogo: uliza watoto wako wanaoga wapi saa sita. Usiulize kwa ukali, la sivyo watakuficha. Uliza tu, kisha usikilize.